Mnyororo wa Fisi Wavishwa Shaba

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Chuma?"
"Cha mhunzi!"
"Shaba?"
"Ya bibi harusi!"
"Uongo?"
"Wa kwako, tumwagie!"

Basi hapo kale Fisi alikifunga kisima cha wanyama wote kwa kifuniko cha mninga na mnyororo wa chuma. Ukitaka kata moja ya maji, lete paja la kuku. Nguchiro hakuwa na kuku. Alikuwa na watoto wanne wenye ndimi kavu. Akauguguna mnyororo ule, kwe kwe kwe. Meno yakauma, chuma kikatulia.

Akaenda shamba la kahawa, akaokota mrututu, ile chumvi ya buluu yenye shaba, uliosazwa na wapiga dawa. Akaukoroga, maji yakawa ya buluu. Akachovya msumari, ukatoka mwekundu.

"Aha," akajisemea, "chuma kinatoa, shaba inapokea."

Akabeba mtungi hadi kisimani.

"Shikamoo, mjomba Fisi. Wageni wa harusi ya Chui watapita hapa wiki ijayo. Wataukuta mnyororo huo wa kutu?"

"Marahaba. Kwani una mwingine?"

"Huo huo. Nitauvisha shaba."

Fisi akaufungua, akakikalia kifuniko mwenyewe. Mnyororo ukaingia mtungini, chubwi.

Siku ya kwanza ukaanza kuwa mwekundu.

"Napokea shaba?" Fisi akauliza.

"Unapokea, mjomba."

Siku ya pili buluu ikafifia.

"Rangi inakwenda wapi?"

"Shaba inatoka majini, inakaa mnyororoni."

"Na chuma?"

"Kinaipisha."

"Kinaipisha kwenda wapi?"

"Mjomba, bibi harusi akiingia, nani huuliza waliompisha mlangoni?"

Fisi akacheka. "Ongeza mrututu."

Kila maji yalipofifia, Fisi alisema ongeza, Nguchiro akaongeza. Chuma kinatoa, shaba inapokea.

Siku ya saba mnyororo ukatoka mwekundu, mwepesi kama kamba ya mgomba.

"Mbona mwepesi?"

"Uzito ni wa wahunzi, mjomba. Huu ni wa waungwana."

Fisi akaufunga taratibu, akaenda kuwalaki wageni, kifua mbele.

Nguchiro akaushika kwa vidole viwili. Katu! Ukapukutika kama maganda ya karanga. Akayafagia mbali na maji, akafunua kisima. Watoto wakanywa, gugu gugu gugu.

Fisi alirudi na wageni, akakuta kisima wazi na kijiji kizima kinakunywa.

"Fisi, kumbe mkarimu hivi!" wakasema wageni.

Fisi akautazama mnyororo. Akawatazama wageni.

"Karibuni," akasema, kwa shida.

Funzo, watoto: tuwe wakarimu kama Fisi. Na mkitaka kumtambua mtoaji, mtazameni aliyepungua. Mpokeaji hayuko mbali.

Ngano yangu imetoa, masikio yenu yamepokea.