Mahakama ya Jikoni

Upepo uling'oa paa la mahakama, kesi zikahamishiwa katika klabu ya walowezi. Mwenyekiti wa klabu, Bwana Pelham, akamzuia mlangoni Jaji Framroz, aliyekuja kutoka Bombay miaka mingi nyuma akiwa wakili kijana.

"Mhindi hapiti mlango huu. Zunguka jikoni."

"Ni sheria ya klabu?"

"Ni sheria."

"Basi nitaiheshimu," alisema Jaji, akazunguka.

Pelham alijichekea, akaketi ukumbini kungoja kesi yake. Alidai apewe ng'ombe wa jirani yake, arap Sitienei, kwa kuwa walikunywa maji ya mto unaopita shambani kwake; walikuwa wamefungiwa nje ya klabu kungoja hukumu. Alingoja mpaka chai ikapoa.

Mara, dirishani, akamwona Sitienei akiwaswaga ng'ombe wale kurudi nyumbani. Alikimbilia jikoni. Jaji alikuwa ameketi kando ya jiko, joho mabegani, mawakili wamesimama kati ya masufuria.

"Kesi yangu je?"

"Karani alikuita mara tatu hapo mlango wa jikoni, hukuitika. Nimeifuta."

"Nilikuwa ukumbini tangu asubuhi."

"Huenda," alisema Jaji. "Lakini huko mimi siruhusiwi kuingia. Ningekuonaje?"