Shetani wa Kibao Kimoja

Ndugu zangu, lipo jambo ambalo sijapata kulijua mpaka leo: yule mjane alikuwa anapunja pombe, au hakuwa?

Aliuza pombe katika mji mdogo wa Uingereza ya zamani. Siku hizo wauza nyimbo walipita sokoni na karatasi zilizochapwa wimbo mmoja mmoja, picha juu yake. Ukinunua, unajifunza kuimba, kisha unaibandika ukutani.

Siku moja muuza nyimbo aliimba habari za mwanamke aliyepunja wanywaji, hata Shetani akaja kumbeba. Na picha ilikuwepo: Shetani na pembe zake, mwanamke mgongoni.

Mwenye kinu cha unga akapaza sauti: "Jamani, huyu si mama wa pale konani? Hata kitambaa cha kichwa ni chake!"

Watu wakacheka. Kisha kicheko kikakatika, wakaenda kumtoa mjane nyumbani wamfukuze mjini.

Akatoka, mikono ina povu. Akaitazama picha, kisha akamgeukia muuza nyimbo, aliyekuwa amefuatana nao.

"Haya, ni mimi. Lakini baba, huna nyimbo nyingine mkobani?"

"Ninazo, mama. Upo wa mshonaji anayeiba vitambaa. Upo wa jirani msengenyaji. Upo wa mwenye kinu anayechota unga wa watu."

"Hebu zitandaze."

Akazitandaza. Picha ileile! Pembe zilezile, mwanamke yuleyule.

"Mchapaji wangu ana kibao kimoja tu cha mti kilichochongwa picha," akasema muuza nyimbo. "Kila dhambi anaipigia chapa kwa hichohicho."

Mwenye kinu akashika kichwa. "Kumbe na mimi nimo!"

"Umo, baba," akasema mjane, "tena umejifunga kitambaa changu."

Je, sisi dhambi ikitajwa hapa, macho yetu yanakwenda wapi? Si kwenye benchi la jirani? Nani kati yetu amewahi kurudi nyumbani akisema, leo nimehubiriwa mimi? Huenda mjane alipunja, Mungu anajua. Lakini mgongo ule wa Shetani una nafasi yangu, na yako.

Basi, palepale watu wale wakaamua: mjane abaki, na kila mtu achukue wimbo unaomhusu, aubandike ndani kwake, mahali atakapouona akiamka. Gundi ilipikwa kwa unga. Aliyeutoa unga huo, kipimo kimejaa hadi kumwagika, kisha akabeba ndoo ya gundi akabandika wimbo wake kwanza, alikuwa mwenye kinu.