Kengele Iitwayo Karibu

Msicheke, wajukuu zangu, mnapoona mtu anabisha hodi kwa masista wa Litumbi na kuitikiwa na kengele. Haikuwa hivyo tangu mwanzo.

Masista wale wa kusali, wasiotoka nje ya ukuta, walipohamia kilimani kwetu walikuja na sheria ya kunyamaza. Wanawake wakapanda na vikapu vya maharage, wakabisha hodi mara tatu, kimya, wakateremka na vikapu vyao. Ndani, masista walishangaa kwa nini watu hawaachi tu vitu mlangoni. Jamani, chakula kuachwa mlangoni pa mtu asiyeitika! Kwetu aliyefanya hivyo angeitwa mchawi.

Basi ikasemwa kwamba masista wana maringo, na vikapu vikakoma. Mwaka mvua ilipokata, bustani yao ilikauka na njaa ikawabana, hadi Mama Mkuu akaamua wafunge mizigo warudi kwao ng'ambo. Sista Gaudensia, binti pekee wa kijiji chetu aliyekuwa humo, angeondoka nao.

Mama yake, Eufrasia Kapinga, alipopata habari alijitwika unga akapanda. Alikuwa mkaidi yule mama, na mimi nilimpenda kwa hilo. Akabisha hodi. Kimya. Akabisha tena. Hodi ya tatu ilimtoka kwa shida, maana asipoitikiwa ilimbidi ageuke, na mwanawe ndiyo amekwenda.

Gaudensia alikuwa akipanguza vyombo vya altare. Aliijua sauti ile. Kusema haruhusiwi, kunyamaza hawezi. Akanyakua kengele ndogo ya misa, akaitikisa kwa nguvu zake zote.

Nje, Eufrasia akatua mzigo. "Ahsante," akasema, "nimeshakaribia."

Mama Mkuu alikuja mbio, akamruhusu Gaudensia ajieleze.

"Mama, hapa kwetu asiyeitikia hodi amemfukuza mgeni."

Mama Mkuu alilia. Siku zote hizo alidhani sisi ndio tusiowataka. Mizigo ikafunguliwa, na wiki ile vikapu vilipanda kilima mpaka stoo ikajaa.

Na tangu siku hiyo kengele ile hukaa mlangoni, na jina lake ni Karibu. Eufrasia alipofariki, tulipita pale na jeneza, katekista akabisha hodi kwa niaba yake. Kengele ikaitika, haikunyamaza mpaka tulipofika makaburini. Sote tulijua ni mkono wa nani.