Aliyepunga Mkono Ng'ambo ya Ziwa

Wapendwa, kabla hatujafungua somo letu la leo, niwape habari ya bwana mmoja. Msihangaike kumtafuta mtaani, nimemtunga mwenyewe. Ila mkifika nyumbani mkamwona kwenye kioo chenu, hapo mimi simo.

Bwana huyu tumwite Ambakisye. Ujanani aliendesha malori ya mizigo, baadaye akafungua gereji yake pale Mbeya, na mambo yakamnyookea. Alikuwa mtu mwema. Halewi, hapigi mtu, hadhulumu fundi wake. Shida yake ilikuwa moja tu: hakujua kukaa. Kiti kilimchoma kama kina moto. Uji wa asubuhi aliunywa amesimama mlangoni, funguo za gari zikicheza mkononi. Ukimweleza jambo, hujafika katikati keshasimama. "Nimekuelewa, tutaongea nikirudi." Huyo, ameondoka. Hata kanisani alichagua benchi la karibu na mlango, na neema ikitamkwa, mguu mmoja ulikuwa tayari nje.

Kitu kimoja ndicho kilimfurahisha kupita vyote: ndege. Si ndege za uwanjani, ndege wa porini. Miaka ile ya malori, gari likiharibika njiani, wenzake walilala chini ya tela. Yeye aliingia vichakani kuangalia ndege. Akanunua darubini. Jumamosi ikifika, utamkuta kwenye ziwa hili au bwawa lile, anazunguka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Akimwona mdiria hapa, roho inamwambia ng'ambo kuna kwazi. Akifika ng'ambo, anasikia mlio nyuma yake kule alikotoka. Alirudi nyumbani jioni amechoka kuliko alivyoondoka, akasema, "Leo nimepumzika."

Sasa, moyoni mwa mtu huyu palikuwa na kidonda. Binti yake, Subilaga, mtoto wake wa pekee, alikuwa ameondoka nyumbani, na karibu miaka miwili ilikuwa inapita hajarudi. Kila Jumatano kwenye maombi Ambakisye alisimama mbele ya wenzake, kofia mkononi.

"Niombeeni, wapendwa. Mwanangu arudi. Sikumpiga, sikumtukana, sikumfukuza. Sijui hata nilimkosea nini. Mungu anipe nimwone tu, hata mara moja."

Watu walilia naye. Wakaomba kweli, wengine kwa kufunga. Mnadhani Mungu hakusikia?

Jioni moja mkewe, Tusekile, mama asiye na maneno mengi, alimkuta anafuta vioo vya darubini.

"Baba Subilaga, Jumamosi twende wote ziwani. Lile la juu, la kwenye mashamba ya chai."

Ambakisye alishangaa. Mkewe hakuwahi kumfuata kwa ndege wake hata siku moja. Alifurahi mno, hata hakuuliza kwa nini.

Jumamosi wakaenda. Mnayajua maziwa yetu ya Rungwe, yale yaliyokaa ndani ya vilele vya milima kama maji ndani ya bakuli. Hili lilikuwa dogo, jeusi kwa kina, limezungukwa na msitu, na ukungu wa asubuhi ulikuwa bado umelala juu yake. Sauti ilisafiri pale: mtu akikohoa ng'ambo, unamsikia. Simu hazikushika mtandao. Tusekile alitandika kitenge kwenye nyasi, karibu na mahali mitumbwi inapofungwa, akapanga chupa ya chai, vikombe, parachichi na ndizi za kuchoma.

"Leo tukae hapa hapa," alisema.

"Tutakaa, mama."

Akakaa. Akakunja mguu, akaukunjua. Akanyanyua darubini, akaishusha. Aliona batamaji wawili karibu na matete, akasema ni wazuri, kisha akasema kwamba kule kwenye kivuli lazima wako wengi zaidi. Alimwaga chai nusu kikombe kwenye nyasi kwa sababu ilikuwa ya moto na hakuwa na subira nayo. Tusekile hakuangalia ndege hata mmoja. Macho yake yalikuwa kwenye njia inayoshuka kutoka kwenye mashamba ya chai.

Ukungu ulipoanza kupanda, akaja mwenye mtumbwi, akawasalimia, akaiona darubini.

"Bwana anapenda ndege? Basi ng'ambo ile, kwenye mikuyu, kuna kulukulu. Wanalisha makinda. Kwa mtumbwi si mbali."

Ambakisye alikuwa amesimama kabla sentensi haijaisha.

"Mama Subilaga, twende!"

"Mimi nabaki. Na wewe ubaki, nakuomba."

"Kuna nini?"

Kuna neno lilimfika Tusekile kwenye meno likarudi.

"Nataka tu ukae, mume wangu. Leo tu."

"Nitakaa nikirudi. Naenda na kurudi, hata chai haitapoa."

Ninyi mngemjibu nini? Mama yule alitazama mtumbwi ukiingia majini, akatazama tena njia.

Na kweli, kulukulu walikuwepo. Wapendwa, kama hujamwona ndege huyu, mshukuru Mungu siku utakayomwona. Kijani kibichi, kishungi kichwani, anarukaruka kwenye matawi kama mtoto anayepanda ngazi. Akifungua mabawa, ghafla unaona wekundu mkali, kana kwamba alikuwa ameuficha moyoni. Ambakisye alibana pumzi. Mama kulukulu aliingia kwenye kiota na tunda mdomoni, shingo ndogo zikanyooka, akalisha. Bwana yule machozi yalimlengalenga. Akasema, "Mungu wangu, angalia anavyopenda watoto wake."

Alisema hivyo, kwa kinywa chake mwenyewe.

Kisha, kwa kuwa hakuweza kuangalia kitu kimoja kwa muda mrefu, akageuza darubini huku na huku, ikavuka maji, ikafika walikotoka. Akamwona mkewe. Kando yake alikaa mwanamke kijana mwenye kilemba cha njano, na mtoto mdogo amesimama akishikilia goti lake, anatafuna kipande cha ndizi. Kwa umbali ule sura hazikusomeka vizuri, na mkono wake haukutulia kiasi cha kuzisoma.

"Afadhali," alimwambia mwenye mtumbwi. "Mke wangu kapata wenyeji wa kuongea nao. Hatuna haraka."

Wakati ule Tusekile, asiyezoea kupaza sauti, alisimama. Akavuta kitenge, vikombe vikaanguka, akakipunga juu ya kichwa chake, huku na huku, huku na huku. Yule mwanamke kijana naye akasimama. Alisita kidogo. Kisha akamnyanyua mtoto juu, mikono miwili, kama mtu anayeonyesha kitu.

Ambakisye akacheka. Akapunga mkono. Akampungia na mtoto.

"Bwana," alisema mwenye mtumbwi, "naona kama wanatuita."

"Wanatusalimia tu. Hebu sogea pale kwenye kona, nimesikia mwingine."

Wakasogea kwenye kona. Wakatoka kwenye kona wakaenda kwenye mwamba. Pale kwenye mwamba honi ya lori la kubeba majani ya chai ililia juu ya kilima, ndefu, kisha ikalia tena, ikazunguka ziwa zima, na ndege wote wakaruka. Ambakisye alikasirika. Akasema madereva wa siku hizi hawana adabu.

Aliporudi, mkewe alikuwa amekaa peke yake, kitenge mapajani, uso kwenye maji. Hakumtazama.

"Mama Subilaga, ungekuwepo! Wana makinda! Na mabawa yale, mekundu..." Akaona vikombe kwenye nyasi. "Wageni wako wameshaondoka? Niliwaona kwa darubini. Mtoto mzuri yule. Wa nani?"

"Mjukuu wako."

Ambakisye alitabasamu, akidhani ni utani. Kisha tabasamu likakosa mahali pa kwenda.

"Aliyembeba ni Subilaga," Tusekile alisema. "Ni lori moja tu la chai linalorudi kijijini kwake. Alisubiri mpaka likapiga honi. Akalisubirisha. Likapiga tena, akaenda."

Mnajua alifanya nini? Alishika funguo. Mtu yule alishika funguo za gari, akaanza kupanda kilima mbio.

"Limepita njia gani? Nitalikuta! Twende, inuka!"

"Kaa chini!"

Katika ndoa yao yote Tusekile hakuwahi kumpazia sauti. Ziwa lilimrudishia: chini, chini. Mwenye mtumbwi akainamisha uso, akajifanya anafunga kamba.

"Hivyo ndivyo alivyosema utafanya," Tusekile alisema, sasa kwa sauti ndogo. "Ndiyo maana, tulipopanga kukutana hapa, alinikataza nisikwambie. Alisema, 'Mama, ukimwambia atanikimbilia barabarani, atalia, atanipakia kwenye gari, tutafika Mbeya nikiwa sijasema neno. Baba hajawahi kunisikiliza akiwa amekaa. Mimi nataka nimkute amekaa.'"

"Lakini sikumtukana, mama. Sikumkosea..."

"Siku aliyoondoka alikuwa na neno la kukuambia. Alianza mezani, ukasimama. Akakufuata mlangoni, ukamwambia utarudi. Akakufuata mpaka kwenye gari, ukawasha injini, ukaenda zako Tunduma. Uliporudi hayupo."

"Neno gani?"

"Alikuwa na mimba, Baba Subilaga. Alitaka kukuambia mwenyewe kabla tumbo halijasema. Neno lenyewe ndilo hilo ulilolipungia mkono."

Ambakisye akakaa. Mvua ya kule haikawii, ikaanza kunyesha, na mwenye mtumbwi akakimbilia kwenye miti. Yeye hakuinuka. Darubini ilining'inia shingoni, ikajaa maji. Tusekile akamweleza mengine yote yaliyobaki, habari za mkwe asiyemjua, za mtoto alivyougua na akapona, na kwa mara ya kwanza tangu amwoe, Ambakisye alimsikiliza mpaka akamaliza.

Walirudi pale Jumamosi iliyofuata. Na nyingine. Alikaa penye nyasi zile zile, hana darubini, mikono imetulia kwenye magoti kwa shida, kama mtu anayeshika mbwa wawili wasikimbie. Malori ya chai yalipita. Subilaga alikuja, ndiyo, lakini alikuja baada ya masika kwisha, wakati mtoto anakimbia na kuita watu kwa majina. Mtoto alipomwona mzee yule alijificha nyuma ya gauni la mama yake, akalia. Ambakisye hakumfuata. Alibaki amekaa. Subilaga naye akakaa, mbali kidogo, akasema, "Baba, siku ile nilitaka kukwambia hivi." Na Baba akamwacha aseme.

Wapendwa, tusimcheke.

Sisi hatuombi? Tunaomba. Tunakesha, tunafunga. Bwana, niponyee ndoa yangu. Bwana, nirudishie mwanangu. Bwana, sema nami. Halafu Bwana anasema, na sisi tumeshasimama. Anamleta mtu mpaka ukingoni, anamnyanyua juu kwa mikono miwili tumwone, nasi tuko ng'ambo, tunafurahia kazi ya mikono yake, tunasema jinsi Mungu anavyopenda watoto wake, tunapunga mkono. Si kwamba tuliyaacha maombi yetu. Tulikuwa mahali pengine jibu lilipofika.

Na mimi siwaambii msiende maziwani. Nendeni! Mungu hakuumba kulukulu kwa ajili ya kulukulu wenzake tu. Lakini mtu anaweza kubeba darubini nzuri kuliko zote na asimwone aliyekaa naye kitenge kimoja, mwenye neno kwenye meno. Nani alikuanzia sentensi wiki hii, ukamwambia utarudi? Ulirudi?

Mwalimu wa kwaya, usisimamishe watu bado. Na ninyi wa mabenchi ya karibu na mlango, nawaona. Kila mmoja amgeukie aliyekuja naye leo: mke, mume, mama, mtoto. Mwulize, "Ulitaka kuniambia nini?" Kisha nyamaza. Akikujibu, "Hakuna kitu," usisimame.

Endelea kukaa.