Pembe Mbili za Kinyonga wa Shembwe

Zamani, mlima Shembwe na mlima Kilanzi ilikuwa na msitu mmoja, na vinyonga wote walikuwa na pembe moja. Walikuwa na adabu zao. Hawakugusa udongo, wala hawakupiga hatua kabla ya kulitikisa tawi mara tatu. Aliyetaka kusalimia ndugu alijigeuza kijani.

Mwaka mmoja Nambike wa Shembwe alimwoza bintiye, Namsifu, huko Kilanzi. Mwezi haujaisha, ukame ukaingia na moto ukala miti yote ya bonde lililo kati ya milima hiyo. Zikabaki nyasi tupu. Nambike, akitaka kumwona bintiye, alifika tawi la mwisho, akanyoosha mguu, akaurudisha.

"Shuka tu, mama mkwe wa watu," jirani yake akamtania. "Udongo haung'ati."

"Nitatikisa nini huko chini?" akajibu Nambike. "Mungu ataotesha miti. Nitangoja."

Alingoja mpaka akafa, akiwa ameacha wosia: atakayevuka kwanza amsalimie Namsifu na uzao wake.

Vizazi vikapita. Shembwe kulikuwa na ukungu, na matawi yenye jua yalikuwa machache. Madume wakayapigania, mwenye pembe nene akashinda, akaoa, watoto wakamfuata, hata pembe zikawa mbili. Kilanzi kulikuwa kukavu. Huko walionusurika na macho ya mwewe ni wadogo wenye rangi ya majani makavu, na kijani wakakiacha kwa siku za ugomvi tu. Hakuna aliyeona badiliko, kwa kuwa kila mtoto alifanana na mama yake.

Hatimaye miti ikaota bondeni. Mkufya, kijana wa uzao wa Nambike, akavuka na ule wosia. Alipomwona binti wa Kilanzi, akajigeuza kijani kwa furaha. Binti akafura, akaachama kinywa.

"Mimi ni wa kwenu," Mkufya akasema. "Nimeleta salamu za bibi."

"Wa kwetu ana pembe mbili? Rudi ulikotoka, mgeni, kaka zangu wasije wakakukuta."

Binti akageuka aende zake. Lakini kabla ya kuinua mguu, akalitikisa tawi mara tatu.

Hapo Mkufya akajua kwamba salamu imefika. Akarudi kwao ametulia.

Na tangu siku hiyo kila mlima una kinyonga wake, na hawaoani. Mungu hakuumba siku moja akaweka vyombo chini. Hutenga, hungoja, huumba tena. Lakini mtazame kinyonga yeyote anapotaka kupiga hatua. Kwanza hulitikisa tawi, kwa adabu ya Nambike.