Kwa Nini Nyota Nyeupe Hutembea Nyuma ya Zile Tatu

Hapo kale, Mungu alikuwa ameshaumba nyota lakini alikuwa hajazipanga. Zilitawanyika juu kama mtama uliomwagika, na mtu aliyezitazama alifurahi tu, njia hakuiona.

Siku hizo watu wa nchi ya magharibi walikwenda kuchota chumvi kwenye ziwa lililokuwa mbali, ng'ambo ya mbuga isiyo na maji. Walirudi usiku, maana jua la mbuga ile halikuwa na huruma. Na safari ilikuwa na desturi yake. Wa kwanza alishika kijinga cha moto, kidogo na chekundu, kisije kikamtia kiwi akashindwa kuiona njia. Wa mwisho alishika mwenge mkubwa, ili kila aliyegeuka ajue kwamba hakuna aliyeachwa. Katika nyumba ya Malimi, yeye mwenyewe alitangulia, wanawe watatu walibeba mizigo katikati, na mkewe Nkwimba alikuja nyuma na mwenge.

Mwaka mmoja, wakiwa huko ziwani, homa ilimchukua Malimi. Walimzika asubuhi.

"Kazi ya Mungu haina makosa," alisema Nkwimba, akafunga mizigo. Kwenye vibuyu yalibaki maji ya usiku mmoja. Jua likiwakuta mbugani, hawafiki.

Usiku, katikati ya mbuga, wana wakaanza kugombea nafasi ya mbele.

"Mimi ndiye mkubwa," alisema Lugembe.

"Mkubwa wa kula!" akajibu Mahona. "Wewe si ndiye uliyepotea ukitafuta mbuzi nyuma ya nyumba?"

Jidayi, kitinda mimba, aliwaacha wakigombana. Alishika njia yake. Wale wawili nao wakashika zao, na Nkwimba akabaki na mwenge mkononi, asijue amfuate yupi. Asubuhi alikuwa amemzika mume. Sasa aliona wazi kwamba kabla ya jua kuwa juu, angewakosa na watoto.

"Rudini!" aliita. Walirudi, maana mama akiita kwa sauti ile hakuna anayejifanya hasikii. "Nafasi ya baba yenu haikaliwi kabla ya kuanua matanga. Iacheni wazi. Jipangeni nyuma yake."

"Mayu," Lugembe alimwambia mama yake, "tutamfuataje mtu asiyekuwapo?"

"Kama mlivyomfuata siku zote. Usiku mliwahi kuuona uso wake? Mlikuwa mkiona kijinga tu."

Wakajipanga, mbele yao wakaacha nafasi. Nkwimba akainua mwenge, akaomba taratibu. "Ee Mungu, mwenye kijinga umemchukua wewe. Basi kiweke kijinga mahali tutakapokiona."

Mungu akasikia. Upande wa nyumbani ikawaka nyota moja nyekundu, na mbele yake vikatokea vinyota vilivyosongamana, kama mioto ya kijiji. Waliifuata, hakuna aliyegombana tena. Alfajiri walisikia majogoo wa kwao.

Mungu aliupenda mstari ule wa watu, naye akaupanga mbinguni. Tangu usiku huo nyota zimekaa hivyo, zitazameni wenyewe. Nyota tatu zimefuatana, ndio wana na chumvi yao. Ufuate mstari wao kwa mbele, uvuke ile nafasi iliyoachwa wazi, utaikuta nyekundu. Ukizidi kwenda utafika Kilimia, vile vinyota vilivyosongamana, kijijini. Halafu ufuate mstari huohuo kwa nyuma, utaikuta nyeupe, inayong'aa kuliko nyota zote. Huyo ni mama. Haijawahi kuwapita wanawe hata usiku mmoja, wala haijamwacha yeyote nyuma.

Ndiyo maana kwetu mtu akifa hatusemi amepotea. Twasema ametangulia.