Mmea wa Dirishani kwa Mbeyu

Kwaru, kwaru, kwaru. Hizo ni kucha, wenzangu, kucha za zimwi lilalo kiu ya watu, likikwaruza mlango wa Mbeyu usiku wa manane.

"Mbeyu, kisima nimekikalia. Nipe mtoto nikupe maji."

Mbeyu akamkumbatia mwanawe, hasira zikiuzidi woga. Mchana ule, zimwi lilipotangaza sharti lake kisimani, mama mkwe alimwambia, "Mpe tu, mwanangu, utazaa mwingine." Utazaa mwingine, kana kwamba mtoto ni sufuria.

Dirishani, ndani ya chungu kilichopasuka, mlikuwa na mmea mdogo usiozidi kiganja, majani yake manene yamejipanga duara kama ua, vitoto vyake vimeuzunguka. Ukanong'ona, "Chuma jani la nje, moyo wangu uache."

Akachuma, akakamua, mtoto akanywa, naye akanywa. Usiku wa pili, kwaru, kwaru. Akachuma la nje, moyo akauacha. Usiku wa tatu, kwaru moja tu, ya unyonge, maana ndani hamkuwa na kiu ya kuliwa. Kulipokucha, zimwi lilikuwa gamba kavu mlangoni, na kisima kiko wazi.

Mama mkwe akaja mbio. "Mlikunywa nini, mwanangu?"

"Hasira zangu, mama. Zilitutosha."

Alipoondoka, Mbeyu akauinamia mmea. "Aliyetaka kumtoa mwanangu, akikujua, atakung'oa wewe na vitoto vyako vyote. Mimi sitamwambia mtu yeyote."